Mjini Walisema Wamemwagana Kisa Mchepuko, Kumbe Kisa ni Turbo

Wiki tatu mfululizo ubuyu wa mjini ulikuwa mmoja tu: wamemwagana. Bibie alifuta picha zote za Jamaa Instagram, akaacha moja ya gari, nayo imepigwa kwa nyuma. Jamaa naye akaacha kuposti zile video zake za "mimi na navigeta wangu". Watu wa komenti wakaingia kazini. Kuna waliomtaja dada wa saluni, kuna waliomtaja mrembo mmoja wa kwenye video za wasanii, na kuna mmoja akaapa kabisa kwamba aliwaona kwa macho yake wakirushiana maneno Mlimani City.

Kugombana walikuwa wamegombana kweli. Ila haikuwa Mlimani City. Ilikuwa Ilala, gerejini, mchana kweupe, mbele ya mafundi wanne na muuza kahawa. Na kilichoingia kati yao hakikuwa mtu. Ilikuwa turbo.

Majina yanabaki kapuni, ila wengi mtawajua tu. Jamaa ni MC. Kama umehudhuria sendofu au harusi ya watu wenye nafasi zao hapa Dar miaka ya karibuni, basi kuna uwezekano mkubwa sauti yake imewahi kukuamuru uinuke ukacheze. Bibie ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, mtu wa maneno machache, yule anayehesabu chenji mara mbili. Wamechumbiana miaka miwili. Mbali na mapenzi wana kazi nyingine ya pamoja: rali fupi za wikiendi. Jamaa anashika usukani, Bibie anakaa kushoto na daftari mapajani, anamsomea kona.

Gari lao ni Subaru Impreza WRX ya 2003 iliyoletwa used kutoka Uingereza. Injini ya lita 2.0, turbo ya kiwandani aina ya TD04, nguvu karibu HP 220. Wamelifungia keji ya vyuma, viti vya mashindano na shokapu za maana. Injini ilikuwa haijaguswa. Mambo yakaanzia hapo.

Komenti ya HP 500

Mwezi ule walimaliza wa 9 kwenye rali moja ya upande wa Mkuranga. Wa kwanza alikuwa kijana wa Masaki mwenye Mitsubishi Evo. Usiku huohuo kijana akaposti video ya gari lake likitema moto kwenye ekzosi, na chini akatupa kijembe kuhusu "Subaru za kubebea keki za harusi". Likes zikamiminika. Jamaa, ambaye riziki yake ni mdomo, akajibu palepale: "Msimu ujao nakuja na HP 500. Tunza hii komenti."

Watu wakaitunza kweli. Skrinishoti zikazunguka. Kila harusi anayokwenda, hakosi shemeji wa bwana harusi wa kumuuliza kwa kipaza sauti: MC, zile mia tano zimeshafika?

Siku nne baadaye akampata muuzaji DM. Turbo mpya, kubwa, haina chapa, inang'aa kama sufuria ya mtoto wa mwali. Muuzaji anasema inabeba HP 550. Bei milioni 3 na laki 2. Jamaa akatanguliza milioni 1 na nusu, na muuzaji akamkabidhi mzigo kwa makubaliano kwamba iliyobaki ataimalizia ikishafungwa.

Hiyo milioni 1 na nusu ilitoka kwenye kibubu cha simu ambacho wanachangia wote wawili. Ilikuwa hela ya fremu. Bibie alikuwa anajipanga kufungua duka lake mwenyewe la rangi na vigae, na mwenye fremu alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kwenye kile kibubu mmoja akitoa hela, mwenzake anapata meseji. Kwa hiyo Bibie hakuambiwa. Alisoma.

Muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe

Bibie alitoka kazini saa ya chakula, akapanda bodaboda, akafika gerejini. Akamwamkia Fundi kwanza.

"Shikamoo Anko."

"Marahaba mama, karibu."

Kisha akaitazama ile turbo juu ya meza. "Hiyo ndiyo kodi ya fremu yangu?"

Kimya. Hata muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe.

"Baby, sikiliza," Jamaa akaanza kwa ile sauti ya ukumbini. "Hii nayo ni biashara. Tukishinda, wadhamini wanakuja wenyewe."

"Biashara ya watu wawili wanakaa watu wawili," Bibie akajibu. Akamuaga Fundi, akarudi kazini. Jioni ile alibeba begi akaenda kwa dada yake Mbagala. Usiku picha zikafutika. Mengine mliyaona wenyewe.

Jamaa akabaki na Fundi. Huyu Fundi ni mzee wa kama miaka hamsini na tano, ameshika Subaru tangu enzi zile ambazo watu walikuwa hawazitaki. Alikunywa kahawa yake akamaliza, ndipo akasema: "Mdogo wangu, kufunga nitafunga. Chuma hakikatai kufungwa. Niambie tu, unataka ikufanyie kazi gani?"

"Inipe HP 500, Anko."

"Hiyo ni komenti. Nimekuuliza kazi."

Feni mbili, shafti moja

Wengi wanaipenda sauti ya turbo ila hawajui ndani kuna nini. Turbo ni feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja. Feni ya kwanza inakaa kwenye njia ya moshi unaotoka injini, moshi unaizungusha. Feni ya pili iko upande wa pili, inavuta hewa safi, inaibana na kuisukuma ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi unaweza kuchoma petroli nyingi, na petroli nyingi ikiungua vizuri ndiyo nguvu. Ikiwa kazini, shafti hiyo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, inaelea juu ya oili nyembamba kuliko karatasi.

Sasa feni haijizungushi. Inasubiri moshi. Injini ikiwa chini, moshi ni mchache. Turbo ndogo inatosheka na huo mchache, inaamka mapema. Turbo kubwa ina feni nzito na koo pana, moshi mchache unapita tu kama upepo kwenye uwanja wa mpira. Mpaka injini ipande sana ndipo inaamka. Hapo katikati unakanyaga mafuta na gari linakutazama tu. Watoto wa gereji wanaita lagi.

Koo lenyewe nalo linapimwa. Kwenye chuma cha upande wa moshi huwa kumeandikwa namba ya A/R. Namba ndogo ni koo jembamba. Chukua mpira wa kumwagilia bustani, ziba mdomo wake kwa kidole gumba: maji yanaruka kwa kasi, ila ndoo inachelewa kujaa. Achia kidole: maji yanatoka mengi lakini hayana nguvu ya kuruka. A/R ndogo inaamsha turbo haraka, ila juu kabisa moshi unakwama kutoka na injini inakabwa. A/R kubwa inapumua vizuri juu, ila chini ni usingizi. Hakuna namba inayokupa vyote viwili.

Hesabu juu ya boksi la oili

Fundi akapasua boksi la oili, akatoa kalamu sikioni.

Injini ya petroli ya turbo, kwa makadirio ya mafundi, inahitaji kama nusu kilo ya hewa kila dakika kutengeneza HP 10. Ukiipima vizuri ni gramu 450 hivi. Kwa hiyo HP 500 ni karibu kilo 23 za hewa kila dakika.

Sasa injini yao. Lita 2.0, mizunguko 6,500 kwa dakika, busti ya bar 1, intakula inayopoza vizuri. Hapo inameza kama kilo 13. Hiyo ni HP 280. Ili imeze kilo 23 unapaswa kuizungusha mpaka 7,500 na kuisukumia busti ya zaidi ya bar 2.

"Hizo pistoni zako ni za kiwandani," Fundi akasema. "Gia boksi ni ile ya spidi tano, na hiyo kila mtu anayecheza na WRX anajua ni ya kioo. Nozeli zako hazifikishi petroli hiyo. Ukinunua turbo ya 500 umenunua asilimia ndogo ya gari la 500. Iliyobaki ni pistoni, vyuma vya kuzishika, gia boksi, klachi, pampu, nozeli. Hiyo siyo fremu tena. Hiyo ni nyumba."

Halafu akatoa karatasi ya A4 yenye alama za vidole vya grisi. Ilikuwa ramani ya kompresa. Watengenezaji wa turbo wanaojiheshimu wanaitoa. Chini inaonyesha kiasi cha hewa kwa dakika, pembeni inaonyesha uwiano wa mgandamizo, yaani hewa imebanwa mara ngapi ukilinganisha na ya nje. Katikati kuna duara ndani ya duara kama ramani ya mlima. Pale katikati feni inafanya kazi bila kuichemsha sana hewa. Ukisogea kushoto kupita kiasi, hewa inarudi nyuma, turbo inakohoa na kujipiga. Ukisogea kulia kupita kiasi, feni inazunguka kama chizi lakini hewa haiongezeki, inazidi joto tu.

Kazi ya kuchagua turbo ni kuhakikisha injini yako inaishi pale katikati kwa muda mwingi wa mashindano. Ile turbo inayong'aa haikuwa na ramani. Ilikuwa na stika.

"Haya niambie," Fundi akauliza, "injini yako kwenye rali inaishi RPM ngapi?"

"Anko mimi nakanyaga mpaka mwisho muda wote."

Fundi akacheka mpaka akakohoa. "Kila dereva anasema hivyo. Kamuulize anayekaa kushoto."

Ubuyu mwingine, wa 1995

Kabla Jamaa hajaondoka, Fundi alimpa umbea mmoja wa zamani, na huu ni wa kweli kabisa, umo kwenye historia ya rali.

Kwenye rali za dunia, gari la turbo linalazimishwa kuvuta hewa kupitia tundu lenye kipimo maalumu. 1995 tundu lilikuwa milimita 34 kwa magari ya juu. Timu ya Toyota, iliyokuwa inatamba na Celica na ilikuwa imeshinda Safari Rally ya Kenya mwaka huohuo, ikakamatwa Hispania ikiwa na ujanja wa ajabu: ukilifunga turbo kwenye gari, kipande kinasogea kwa siri na kuacha hewa ipite pembeni ya tundu. Ukilifungua kukagua, kipande kinarudi mahali pake kama hakuna kilichotokea. Timu ikafutiwa pointi za msimu na kufungiwa miezi 12. Mchepuko wa hewa, halisi.

Lakini somo liko kwenye tundu lenyewe. Hata leo magari ya juu ya rali ya dunia, haya yanayokuja Naivasha, ni injini za lita 1.6 zinazovuta hewa kupitia tundu la milimita 35. Tundu linakaba nguvu za juu, kwa hiyo wahandisi wanahangaika na kitu kingine: nguvu ije mapema, na ije muda wote. Kwenye changarawe hicho ndicho kinahesabika.

Ule moto wa kwenye ekzosi ya Evo nao unatokana na hilo. Kuna mtindo wa kuchoma petroli kwenye njia ya moshi dereva akiachia mafuta, ili feni isilale. Unafanya kazi. Pia unapika turbo na ekzosi kwa joto kali, na mtu mwenye turbo moja na mshahara wa u-MC hawezi kuumudu kila wikiendi.

Daftari la Mbagala

Usiku ule Jamaa aliandika meseji ndefu ya kuomba msamaha, akaifuta. Akaandika nyingine, akaifuta. Mwisho akatuma mstari mmoja: "Nimekosea kuhusu hela. Na Anko anauliza tunatoka kwenye kona RPM ngapi."

Dada yake Bibie alimshauri amblock. Bibie hakumblock, hakujibu pia. Alifungua video ya rali ya Mkuranga, ile iliyorekodiwa na simu iliyofungwa kwenye keji, ambayo dashibodi inaonekana vizuri. Akafungua na daftari lake la kona. Akasimamisha video kila kona, akaangalia mshale, akaandika namba pembeni ya noti. Alifanya hivyo usiku mbili. Hesabu ambayo haijafungwa huwa inamnyima usingizi, na hilo halikuwa na uhusiano na kusamehe.

Jumamosi asubuhi aliingia gerejini, akamwamkia Fundi, akampita Jamaa, akaweka daftari mezani.

"Anko, kona ni 41. Kwenye 30 tunatoka kati ya 3,000 na 4,500. Kwenye 5 tunatoka chini ya hapo. Juu ya 4,500 ni kona 6 tu. Ya kukanyaga mpaka mwisho ni ule mnyooko mmoja wa kwenye mnada, na kabla hujamaliza unashika breki."

Fundi akamtazama Jamaa. Jamaa akatazama viatu.

"Hiyo yenu inaamka ngapi?" Bibie akauliza, akiinyooshea kidole turbo bila kuigusa.

"Kwa injini hii? Kama 4,800, labda 5,000."

"Kwa hiyo kona 35 tunakaa tunasubiri."

"Mnasubiri. Halafu ikiamka inakuja yote kwa mkupuo, na nyie bado hamjanyoosha gari."

Bibie akafungua ukurasa. "Kona ya 17, ya kulia, inabana. Nje yake kuna mikorosho. Gari likiteleza pale linakwenda kushoto." Ndipo kwa mara ya kwanza siku ile akamwangalia mchumba wake. "Kushoto nakaa mimi."

Wanaosema wale wawili waligombana kwa sababu ya hela wamepata nusu ya habari.

Basi ibaki ile ya zamani?

Bibie alidhani hesabu imeisha: rudisha mzigo, hela irudi kwenye kibubu, TD04 ibaki. Fundi akamkatalia na yeye pia.

TD04 inaamka mapema, karibu 3,000, na kwa kona za Mkuranga inapendeza. Ila ikifika 5,500 imeshachoka. Ukiilazimisha busti kubwa kwa kutumia kontroboksi, unaisukuma kulia kabisa kwenye ramani. Feni inazunguka kupita uwezo wake, inapuliza hewa ya moto, na hewa ya moto inafanya petroli ilipuke kabla ya wakati. Hapo pistoni zinatoboka.

Kuna na jambo lingine. Msimu ujao walipanga kwenda Arusha. Dar iko usawa wa bahari, Arusha iko kama mita 1,400 juu. Kule hewa ni nyepesi, kama asilimia 85 ya ya Dar. Busti ya bar 1 hapa Dar ni kubana hewa mara 2. Arusha busti hiyohiyo ni kubana karibu mara 2.2, maana unaanzia chini zaidi. Turbo ileile inapaswa kuzunguka kwa kasi zaidi kupata kilekile. Ukichagua turbo inayotosha Dar kwa tabu, ukipanda nayo mlimani imekufa.

"Ndogo inakudanganya mwanzoni, kubwa inakudanganya mwishoni," Fundi akasema. "Tafuteni ya katikati."

Ya katikati ilikuwa IHI VF30, turbo iliyokuja kwenye Impreza WRX STI za Kijapani za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Inakaa kwenye bolti zilezile bila kuchonga kitu. Inaamka vizuri karibu 3,500, inapumua mpaka juu, na HP 280 za injini ile inazimudu bila kutokwa jasho. Walikosa kidogo kwenye kona chache za chini kabisa, wakapata kwenye zote nyingine.

Waliitafuta used, Ilala hiyohiyo, kwenye kontena la nusu-gari kutoka Japani. Bibie alikwenda na Fundi. Jamaa alibaki getini, aliambiwa sura yake inapandisha bei. Fundi alishika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Kuyumba kidogo sana juu na chini alikubali, maana ikikauka oili lazima icheze kidogo. Kwenda mbele na nyuma kunakosikika alikataa. Alikagua meno ya feni kama yamekwaruza ukuta, na kama kuna oili upande wa hewa. Ya kwanza waliiacha, ya pili pia. Ya tatu wakaichukua.

Ikafungwa na bomba jipya la oili, gasketi mpya, pampu ya mafuta na nozeli kubwa, na ramani mpya ya kontroboksi. Fundi alisisitiza hilo bomba la oili kuliko vyote. Turbo nyingi zinazosemwa zimekufa kwa ubovu zimekufa kwa kiu.

Hesabu ya mwisho

Muuzaji wa DM alirudisha milioni 1 na laki 1. Laki 4 akakata kama "usumbufu". Ile turbo yake baadaye aliichukua mzee mmoja wa mbio za mstari mnyooka, mwenye injini ya silinda sita iliyojengwa upya kuanzia pistoni. Yeye anaanza na mzunguko wa juu na anamaliza na mzunguko wa juu, hana kona hata moja. Wanasema inaenda kinoma. Kumbe haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa imekosa kwao.

Rali iliyofuata Mkuranga, Jamaa na Bibie walimaliza wa 4. Kwenye njia ileile, kona zilezile 41, walipunguza sekunde 19. Kijana wa Evo alikuwa wa kwanza tena, na hongera zake. Jamaa akaposti picha ya dashibodi: "HP 280. Wa 4." Komenti mnazijua. "MC vipi, 220 zingine zimebaki ukumbini?" Skrinishoti ya zamani ikarudi mjini kwa kishindo. Jamaa hakujibu hata moja, na kwa mtu anayelipwa kwa kuongea hiyo haikuwa kazi ndogo.

Fremu ya Kariakoo ilikwenda. Mwenyewe hakusubiri, akampa mtu mwingine wiki ileile walipokuwa hawaongei. Bibie amepata nyingine Mbagala Rangi Tatu, ndogo zaidi, na malipo ya harusi tatu za Jamaa yaliingia moja kwa moja kwenye kodi bila kupita mfukoni kwake. Kibubu sasa hakitoi mpaka wote wawili wakubali. Picha za insta hajazirudisha zote. Anarudisha moja moja.

Kwa hiyo wale mliomtaja dada wa saluni, mumuombe radhi, hana kosa. Na wewe unayewaza kufunga turbo, kabla hujatuma hela DM jibu haya kwanza: injini yako inaishi RPM ngapi, inaweza kumeza kilo ngapi za hewa bila kupasuka, unakimbilia pwani au mlimani, na nani anakaa kushoto.

Mdau, ungekuwa wewe ndiye Bibie, ungelifungua lile daftari au ungemblock? Dondosha komenti hapo chini.